Vipele vya watoto: yupi aachwe apone, yupi akimbizwe

Mtoto akiletwa na vipele, kabla sijauliza chochote namwomba mama amvue nguo zote. Si fulana tu. Zote, pamoja na kofia ya sufu, soksi na nepi. Akina mama wengi hushangaa kwa sababu wamekuja kunionyesha shavu, na shavu peke yake halisemi kitu. Vipele vikijazana kifuani na mgongoni huku mikononi vikiwa vya kuhesabika, naanza kufikiria tetekuwanga. Kama vilianzia nyuma ya masikio, vikashuka usoni na sasa viko tumboni, na macho yanachuruzika machozi, kwangu hiyo ni surua mpaka ithibitike vinginevyo. Vikikaa viganjani, nyayoni, makalioni na kuzunguka mdomo, na mtoto hataki kula, kuna ule ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo ambao ukiingia chekechea hupita kiti kwa kiti. Na vikijipanga palepale kwenye viwiko na shingo ambako mtoto ana pumu ya ngozi, na homa juu yake, hapo siketi tena.

Tunavulia nguo dirishani. Taa ya tyubu ya chumba chetu humfanya kila mtoto aonekane ana manjano, na ngozi yetu haina ule wekundu unaoandikwa vitabuni. Nilisomea uuguzi kwa picha za watoto wa Kizungu: upele mwekundu, duara jekundu, kidonda chenye kingo nyekundu. Kisha nikapangiwa kazi pwani ya Tanga, na kwa watoto wa huku wekundu uleule ni zambarau iliyokolea, au kahawia, au haupo kabisa. Kwa hiyo natumia mikono. Mgongo wa kiganja kupima joto, ncha za vidole kujua kama kipele kimeinuka, ni kigumu, kina maji au kimebonyea katikati. Wenzangu waliopita kwenye mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ambako kituo cha kanda kimekuwa kikifundisha tangu 1992, ndio walionizoesha kuangalia hivyo. Nikiwa na mashaka nawatumia picha, kwa ruhusa ya mzazi na bila sura ya mtoto.

Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kuona watoto niliowachanja wakileta watoto wao. Na ninachokiona mpaka leo ni kwamba magonjwa mengi ya ngozi ya watoto yanayoletwa na virusi hayahitaji ile tyubu ya kupaka tunayoikimbilia dukani. Yanahitaji maji, kucha fupi, na mtu mzima anayeangalia. Tatizo ni kwamba machache kati yake huua au hupofusha, na siku mbili za mwanzo yanafanana na yale mengine. Kazi ya nesi imekaa hapo katikati: kuzuia mikono isiharibu kinachopona chenyewe, na kumtambua mapema yule ambaye hatapona mwenyewe.

Nianze na tetekuwanga, maana ndiyo inayojaza benchi letu zaidi. Virusi vyake huchukua kati ya siku 10 na 21 tangu mtoto aambukizwe hadi aanze kuumwa, ndiyo maana mama hukumbuka kwa shida mtoto alikutana na nani. Huanza na homa ndogo na uchovu, kisha vipele vinatoka kwa mafungu. Fungu la kwanza likishakuwa malengelenge ya maji, la pili ndiyo linachomoza, na la tatu linafuata wakati la kwanza limeanza kukauka. Ukitazama mgongo wa mtoto siku ya tatu utaona hatua zote kwa pamoja: doa, kipele, lengelenge na gamba. Mchanganyiko huo ndio alama yenyewe. Anaambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza mpaka lengelenge la mwisho likauke, kwa kawaida siku tano hadi saba. Mama anapouliza kwa nini hatukumtenga mapema, jibu ni kwamba alipokuwa anaambukiza zaidi hakuwa na kipele hata kimoja.

Sasa, kuoga. Huku kwetu kuna imani kwamba mtoto mwenye vipele vya namna hii asiguswe na maji, kwa kuwa vipele vitarudi ndani na kumuua. Bibi mmoja alikuja ameushika mkono wa mjukuu kama anayelinda mali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nakwambia mapema, huyu haogeshwi. Vikirudi tumboni utanizikia wewe?"

Sikubishana naye. Niliuliza kwao zamani walifanyaje, akasema walichemsha mwarobaini, wakaacha upoe, wakamtia mtoto kwenye beseni. Nikamwambia basi tufanye hivyohivyo, bibi, ila maji yawe ya uvuguvugu, majani yachujwe, dodoki likae mbali, na mwarobaini usiingie kinywani. (Hilo la mwisho nalisisitiza kwa kila mtu. Mafuta ya mwarobaini yameshawadhuru watoto wadogo vibaya walipolishwa.) Akaridhika kabisa. Maji ndiyo yanayofanya kazi, sifa inakwenda kwa mwarobaini, na mimi sina ugomvi na mti. Mtoto akiogeshwa mara moja au mbili kwa siku, jasho na uchafu vinaondoka, mwasho unatulia, na bakteria wa kwenye ngozi wanapungua kabla hawajapata pa kuingilia. Akitoka majini afutwe kwa kanga laini kwa kugandamiza, bila kusugua. Nguo ziwe za pamba na nyepesi. Joto la Tanga mwezi wa pili likikutana na blanketi, mwasho huo hata mtu mzima hawezi kuuvumilia.

Kucha ndizo silaha ya mtoto dhidi yake mwenyewe. Nazikata palepale kliniki, mbele ya mama, nikimwonyesha uchafu uliokuwa chini yake, kwa sababu kusema "mkate kucha" na kukata kucha ni vitu viwili tofauti. Mtoto mchanga wa miezi michache anavalishwa soksi mikononi usiku. Losheni ya kalamaini inasaidia, mradi chupa itikiswe na ipakwe kwa pamba safi juu ya vipele visivyopasuka. Si machoni, si mdomoni, wala si juu ya kidonda kibichi. Piriton kidogo, dawa ya mzio, wakati wa kulala ni kwa watoto waliovuka umri ambao daktari ataridhia, na faida yake kubwa ni usingizi.

Vipele hutoka mdomoni pia, na hapo ndipo watoto wanapokauka maji mwilini bila watu kuelewa. Mama anasema "hataki kula", kumbe koo linamuuma. Uji uliopoa, maziwa, maji ya madafu kwa vijiko vidogovidogo; ndimu, pilipili na chumvi nyingi vikae kando. Anayenyonya aendelee kunyonya. Homa itulizwe kwa parasetamo kulingana na uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini kamwe: ikikutana na tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na brufeni pia naikataa kwa mtoto mwenye tetekuwanga, kwa sababu imehusishwa na maambukizi mabaya ya bakteria yanayokula nyama chini ya ngozi. Hili la brufeni halijulikani mtaani. Watu huinunua wakiamini ni parasetamo yenye nguvu zaidi.

Nikisema mikono inayoharibu, nina maana hii. Aliletwa mvulana wa miaka minne siku ya sita ya tetekuwanga. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, akawa anacheza. Kwa kuwa mwasho haukuisha, alinunuliwa tyubu ya kupaka, moja ya zile zenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Mwuzaji alimwambia baba kwamba hiyo inatibu kila kitu. Steroidi inapunguza mwasho kweli, lakini inafanya hivyo kwa kuifunga mikono kinga ya ngozi, na virusi pamoja na bakteria hupata uwanja. Alipofika, homa ilikuwa imerudi, mguu wa kushoto umevimba juu ya goti, unachoma ukiugusa, naye hataki kuukanyaga. Kwenye ngozi yake wekundu haukuonekana. Kulikuwa na mng'ao tu, ngozi imetanuka, na yeye akipiga kelele kila mkono wangu ulipokaribia. Tulimwanzishia dawa ya mshipani na kumkimbiza hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Alipona, akiwa na kovu refu.

Tangu zamani nimekuwa nikiwaandikia wazazi kwenye kadi maneno mawili kwa kalamu nyekundu: homa inayorudi. Homa ya tetekuwanga huja mwanzoni na kuondoka. Ikishaondoka kisha ikarudi siku ya nne au baadaye, au kama kiungo kimoja kinauma kuliko vipele vyenyewe, au mtoto analegea, anapumua kwa kasi, anatapika kila kitu, anayumba akitembea, asisubiri kesho.

Kuna watoto ambao hawasubirishwi hata wakiwa na vipele vitano tu. Kichanga ambaye mama yake ametokwa na vipele vya tetekuwanga ndani ya siku tano kabla ya kujifungua au mbili baada yake; huyo amepata virusi bila kupata kinga ya mama. Mtoto anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka. Mtoto wa saratani. Mtoto wa figo anayemeza prednisoloni, steroidi ya vidonge. Hawa wanahitaji asikloviri, dawa ya kupambana na virusi, mapema, tena hospitalini, na ukiingoja ngozi ikuonyeshe ukali wa ugonjwa utakuwa umechelewa, maana kwa hawa virusi hushuka mapafuni na kwenye ini. Swali ninalouliza kila nyumba, na ambalo watu huliona la ajabu, ni hili: nani ana mimba humo ndani? Shangazi mjamzito ambaye hakuwahi kuugua tetekuwanga yuko kwenye hatari kuliko huyo mtoto anayelia.

Chanjo ya tetekuwanga ipo. Aliitengeneza Michiaki Takahashi wa Japani mwaka 1974, baada ya mwanawe kuugua vibaya sana, na tangu 1995 watoto wa Marekani wanaipata. Kwetu haimo kwenye ratiba ya taifa. Kwa hiyo tunaendelea na mabeseni.

Surua ni habari nyingine, na hapa sauti yangu hubadilika. Virusi vyake hubaki hewani hadi muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa naye, tisa wataugua. Sasa fikiria benchi la kliniki Jumatatu asubuhi: vichanga wa miezi minne waliokuja kupimwa uzito, na pembeni yao mtoto mwenye homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu. Ndiyo maana nataka mlinzi na mhudumu wa usafi wajue surua kabla ya daktari kuijua. Mtoto wa vipele na homa asikae foleni. Anapelekwa moja kwa moja kwenye kile chumba cha mwisho wa varanda, madirisha wazi, na anahudumiwa na nesi aliyechanjwa au aliyewahi kuugua. Chumba chenyewe hakina ufundi wowote, kina upepo wa bahari tu, na upepo huo nauthamini.

Ngozi ya surua ndiyo inayomleta mtoto, lakini ngozi ndiyo kitu cha mwisho kuhangaikia. Vipele vitageuka kahawia, vitachubuka kama pumba, vitaisha. Mimi natazama macho, mdomo, mapafu na uzito. Kila mtoto wa surua anapata vitamini A siku ile na siku inayofuata: uniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi sita hadi kumi na moja, 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Kidonge cha bluu ni 100,000, chekundu ni 200,000. Unakata ncha kwa mkasi na kukamulia mdomoni. Jicho likiwa na dalili yoyote, anarudi kwa dozi ya tatu baada ya wiki mbili hadi sita.

Wauguzi vijana hukichukulia kidonge kile kama desturi tu ya fomu, nami huwasimulia Mvumi. Hospitali ya Mvumi, Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapata huduma ya kawaida, nusu wakaongezewa vitamini A siku mbili mfululizo. Matokeo yalichapishwa 1987. Kati ya 88 waliopewa walifariki 6, kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kifo kimoja upande mmoja, saba upande wa pili. Watoto hao walikuwa wa hapahapa, Wagogo wengi wao bila shaka, na ushahidi uliotokana nao uliungana na mwingine hadi dunia nzima ikabadilisha namna ya kumtibu mtoto wa surua. Dodoma husifiwa kwa zabibu na Bunge. Hili silisikii likitajwa.

Macho yasafishwe kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kutoka kona ya ndani kwenda nje, kipande kipya kwa kila jicho. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini yawekwe kama kuna usaha. Kisichoruhusiwa ni kitu kingine chochote: maziwa ya mama, utomvu wa majani, maji ya chumvi, mkojo. Kioo cha jicho la mtoto mwenye surua na upungufu wa vitamini A ni chepesi mno, kinaweza kuyeyuka ndani ya siku chache, na dawa za majani zimewapofusha watoto ambao surua yenyewe ingewaacha wakiona. Vidonda vya mdomoni navisafisha kwa maji ya chumvi kidogo, kisha GV iliyozimuliwa nusu. Akina mama wanaijua GV kama dawa ya zambarau na huipenda kwa sababu inaonekana. Naelewa. Dawa inayoonekana inatuliza roho ya jirani anayechungulia.

Baada ya surua mtoto hubaki na kinga dhaifu kwa miezi, kwa hiyo nimonia na kuhara vinamwinda hata vipele vikiwa vimesahaulika. Nawaita warudi kupimwa uzito. Na nikiwa na kadi mkononi, naangalia chanjo ya surua na rubela: ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtoto anatembea, ana afya, mama amerudi sokoni; nani atakumbuka kliniki?

Pumu ya ngozi niliitaja mwanzoni. Ngozi ya mtoto mwenye ugonjwa huo imejaa nyufa ndogo, na virusi vya vidonda vya mdomoni, vile vinavyowatoka watu wazima pembeni mwa midomo wakipata homa, huingia humo vikasambaa kwa siku mbili. Busu la mjomba linatosha. Utaona vidonda vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, duara, kama vilivyotobolewa kwa ncha ya kalamu, vinauma kuliko kuwasha, na mtoto anaungua homa. Wengi hudhani pumu yake imezidi tu, wakamwongezea mafuta ya steroidi. Huyu anahitaji asikloviri siku hiyo, na vidonda vikikaribia jicho anahitaji daktari wa macho pia. Kuuma badala ya kuwasha: tofauti hiyo mama huijua kabla yangu, nikimuuliza.

Kwa upande mwingine kabisa kuna vile vipele vidogo vinavyong'aa kama lulu vyenye kishimo katikati, moluska. Vinakaa miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, kisha vinaondoka bila kuaga. Havimzuii mtoto kwenda shule wala kuoga baharini. Asichangie taulo, asivikwaruze, basi. Kazi ngumu ni kumshawishi mzazi asifanye kitu. Ila vikiwa vingi mno usoni, vikubwa, na mtoto haongezeki uzito, naomba ridhaa ya kumpima VVU. Nafunga mlango, nazungumza na mama peke yake, sisemi neno hilo varandani. Nimeona vipimo vilivyookoa familia nzima vikianzia kwenye kope la mtoto.

Chunjua nazo nyingi huondoka ndani ya miaka miwili. Dawa ya asidi ya salisiliki ikipakwa kila siku baada ya kuloweka na kusugua taratibu huharakisha. Nywele za kufungia, wembe, utomvu wa mpapai na yale mafuta ya ganda la korosho ni kuunguza ngozi nzima iliyo pembeni. Korosho hasa: watoto huja na vidonda vikubwa kuliko chunjua iliyotafutwa.

Siku hizi kila kipele chenye maji kinaulizwa swali la ziada, mpoksi, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua alikuwa mtoto wa miezi tisa, huko Basankusu, Kongo, mwaka 1970. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura Agosti 2024 na kuiondoa Septemba 2025. Kenya ilipata mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024, sisi tukatangaza wa kwetu Machi 2025. Huko Kongo watoto wamebeba sehemu kubwa ya mzigo. Ninachotafuta ni hiki: vipele vigumu, vilivyozama, vya hatua moja kwa wakati mmoja katika sehemu moja ya mwili, usoni na mikononi zaidi ya kifuani, hadi viganjani na nyayoni, na tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Tetekuwanga haina kawaida ya kuvimbisha tezi hivyo. Hata hivyo, macho yanadanganya, na sampuli inachukuliwa.

Yaliwahi kudanganya kwa mtu maarufu kuliko wote. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alipata virusi kwa kupanda kwa muda mfupi gari lililokuwa limebeba watoto wawili wagonjwa. Binti wa miaka sita kati yao alifariki. Ali alifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa, kwa kuogopa sindano, kama alivyokuja kueleza mwenyewe. Alipoumwa walidhani kwanza ni malaria, kisha wakasema tetekuwanga. Alipona, na baadaye akazunguka akihimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, mpaka alipofariki 2013. Wauguzi wapya nawapa kisa hiki wakati wanapoanza kusema "hiyo ni tetekuwanga tu" toka mlangoni.

Mtoto anayeshukiwa mpoksi anatengwa pamoja na mama yake au mlezi mmoja, si peke yake. Hili nalisimamia hata nikigombana. Mlezi anapewa barakoa na glavu, anafundishwa kufunika vidonda, kunawa, kuloweka nguo na kanga kwenye maji ya Jiki bila kuzikung'uta. Mtoto wa miaka miwili aliyeachwa chumbani mwenyewe hanywi, hali, analia mpaka anatapika, na hapo umemtibu nini?

Swali la mwisho huwa ni alama. Katika ngozi yetu tetekuwanga huacha madoa, mengine meusi, mengine meupe, na akina mama wa mabinti huyaona kama janga kuliko ugonjwa wenyewe. Mengi yanafifia yenyewe kwa miezi kadhaa. Mafuta ya mgando yanatosha, pamoja na kofia juani. Mkorogo na sabuni za kung'arisha hapana, kwa mtoto wa umri wowote. Makovu yaliyobonyea hubaki, na hayo kwa kawaida ni pale kucha zilipopita.

Madoa hayo yanawarudisha watoto nyumbani pia. Mwalimu anaona uso una mabaka, anasema nenda ukapone kwanza, na mtoto aliyepona anakosa darasa wiki mbili. Kwa hiyo nimeandaa barua fupi yenye muhuri wa kituo, nakala ziko kwenye droo ya pili: magamba yote yamekauka, mtoto haambukizi, alama zilizobaki si ugonjwa, aruhusiwe kuingia darasani leo.